Kuainisha Kimondo cha Mawe Kilichookotwa Jangwani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wengi wetu tukitajiwa kimondo tunawaza kile cha Mbozi, lile bonge la chuma lenye tani nyingi pale kilima cha Marengi. Lakini zaidi ya vimondo 9 kati ya 10 vinavyoonekana vikianguka ni vya mawe. Cha Mbale, Uganda, kilichopasuka angani tarehe 14 Agosti 1992, kilikuwa cha mawe. Cha Thika, Kenya, cha Julai 2011, vilevile. Na cha Ivuna, kusini-magharibi mwa Tanzania, cha Desemba 1938, ni jiwe ambalo wataalamu wa dunia nzima wanalitamani. Huku kwetu vimondo vya namna hii hupatikana pale tu watu wanapoviona au kuvisikia vikianguka. Visipookotwa mapema, mvua, majani na udongo huvimeza.

Jangwani mambo ni mengine. Uwanda wa Jiddat al-Harasis, katikati ya Oman, ni chokaa tambarare yenye rangi nyeupe, na jiwe jeusi lililolala juu yake linaonekana hata ukiwa ndani ya gari. Tangu 2001 timu ya pamoja ya Oman na Uswisi, inayohusisha Makumbusho ya Historia Asilia ya Bern, imekusanya maelfu ya vipande katika majangwa ya nchi hiyo. Ndugu zetu wengi wanaosema Kiswahili wanaishi Oman, na baadhi yao hupita nyanda hizo kila wiki wakiwa kazini. Nimewaandikia wao, pamoja na wanafunzi wa jiolojia wa Dar es Salaam, Nairobi na Makerere ambao siku moja watapokea jiwe mezani na kuulizwa: hiki ni nini?

Jibu linalotafutwa ni fupi sana, kwa mfano: L6, S3, W3. Herufi na tarakimu hizo zinataja kundi la jiwe, joto lililolipika, kishindo kilichoipiga sayari ndogo lilikotoka, na kutu iliyolila tangu lifike duniani. Ukitaka kuelewa kazi nzima bila kukariri majedwali, shika jambo moja: fuata chuma. Karibu kila hatua inauliza chuma kiko wapi ndani ya jiwe, kiko katika hali gani, na kimepotea kiasi gani.

Kabla hujaliinua

Ainisho zuri huanza jiwe likiwa bado chini. Piga picha likiwa palepale, kwa karibu na kwa mbali, ukiweka kitu cha kupimia ukubwa kando yake. Soma GPS na uandike viwianishi kwenye daftari, usiiachie simu peke yake. Andika jiwe limekaa juu ya nini, limezama kiasi gani, na upande upi ulikuwa chini. Kisha tembea kwa duara kulizunguka, maana kimondo hupasuka angani na vipande vya tukio moja vinaweza kutawanyika kwa kilomita nyingi.

Liokote kwa mfuko safi wa plastiki au kwa glavu, si kwa mkono wenye jasho. Chumvi ya jasho na chuma haviwezi kukaa pamoja. Ukiwa Oman, jua pia kwamba vimondo ni urithi wa taifa na kuvitoa nchini bila kibali cha serikali hairuhusiwi. Kata kibali kwanza. Jiwe lisilo na karatasi halali halitapokelewa na maabara inayojiheshimu.

Sasa suala la sumaku, na hapa naomba unisikilize vizuri. Wawindaji wengi wa vimondo hutembea na sumaku kali ya neodimi na kuigusisha kwenye kila jiwe jeusi. Sumaku hiyo hufuta kumbukumbu ya sumaku ya kale iliyohifadhiwa ndani ya jiwe. Utafiti wa MIT uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba ndivyo ilivyotokea kwa NWA 7034, jiwe la Mirihi lililotoka Sahara na linalojulikana kwa jina la Black Beauty. Ndani yake mna madini yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 4, na yangeweza kutusimulia habari za uga wa sumaku wa Mirihi ya zamani. Habari hiyo imefutwa kwa mguso wa sekunde moja, na hairudi. Ukilazimika kutumia sumaku, chukua dhaifu, ining'inize kwa uzi, na uijaribu kwenye kijipande kilichomeguka chenyewe. Bora zaidi ni kipimo cha mkononi cha mvuto wa sumaku, ambacho hutumia uga dhaifu na hakiharibu kitu. Matokeo yake utayahitaji baadaye.

Hatua ya kwanza: je, kweli ni kimondo?

Mawe mengi jangwani huvaa rangi nyeusi inayong'aa kwa sababu ya jua, upepo na vumbi lenye manganizi. Kwa hiyo weusi peke yake hautoshi. Ganda la kimondo, lililoyeyuka kilipokuwa kikipita angani, ni jembamba, kwa kawaida halifiki milimita moja, na pale lilipobanduka utaona ndani ni rangi nyingine. Kimondo kilichokaa jangwani muda mrefu ganda lake huwa limelika au limegeuka kahawia.

Pima msongamano wake. Usilizamishe majini, maana maji yanakaribisha kutu. Tumia chombo kilichojazwa shanga ndogo sana za kioo na upime ujazo unaosukumwa. Vimondo vya kawaida vya mawe huangukia kati ya gramu 3.2 na 3.6 kwa sentimita moja ya ujazo. Chokaa na granaiti zinacheza kwenye 2.7 au chini, basalti karibu 3.0, na hematiti safi inapita 5. Likwaruze jiwe kwenye mgongo wa kigae usiopakwa rangi: hematiti huacha mstari mwekundu wa kahawia, magnetaiti huacha mweusi, na kimondo ambacho hakijaoza kwa kawaida hakiachi mstari wa maana.

Kisha fungua dirisha. Chagua kona ndogo, isugue kwa msasa hadi upate uso laini wa milimita chache, na uangalie kwa lenzi ya mara 10. Ukiona vinukta vya chuma vinavyong'aa kama fedha vimetawanyika ndani ya jiwe, moyo una haki ya kwenda mbio. Ukiona mashimo ya mapovu, uwezekano mkubwa ni mavi ya chuma kutoka tanuri la zamani. Ukiona kwatzi, chembe ngumu zinazoonekana kama kioo, hilo ni jiwe la duniani.

Vile vinukta vya chuma vinatakiwa viwe na nikeli. Chuma cha vimondo kina asilimia 5 au zaidi ya nikeli, na chuma asilia cha mawe ya duniani ni nadra mno. Kuna dawa iitwayo dimethili glioksimu, inayouzwa kwa watu wenye mzio wa nikeli ili wapime vito vyao. Pamba yenye dawa hiyo hugeuka waridi ikigusa nikeli. Ichukue kama dalili, si hukumu, maana chuma cha pua cha viwandani nacho kina nikeli.

Tahadhari moja kubwa. Majaribio haya yanavikamata vimondo vyenye chuma. Mawe ya Mwezini na mengi ya Mirihi hayana vinukta vya chuma vya kuonekana, hayavutwi sana na sumaku, na juujuu yanafanana na mawe ya kawaida. Kwa hiyo jiwe likiwa na ganda la kuungua lisilo na shaka lakini likafeli jaribio la sumaku, usilitupe. Huenda hilo ndilo adimu kuliko yote.

Hatua ya pili: kugawa na kukata

Usikate kabla ya kupiga hesabu. Kamati ya Majina ya Meteoritical Society, ndiyo inayotambua vimondo duniani, inataka sehemu ya jiwe ihifadhiwe daima kwenye taasisi inayokubalika: gramu 20 au asilimia 20 ya uzito wote, kile kilicho kidogo. Jiwe la gramu 412 litatoa gramu 20. Jiwe la gramu 50 litatoa gramu 10. Tenga kipande hicho kwanza, ndipo ufikirie mengine.

Kata kwa msumeno mwembamba wa almasi. Kwa kupoza usitumie maji. Tumia pombe isiyo na maji, mbali na cheche na moto, kwenye chumba chenye hewa ya kutosha. Vumbi la kukata lisitupwe, likusanye, lina matumizi kwenye kemia. Kutoka kwenye kipande cha uchambuzi tengeneza angalau sehemu moja nyembamba: jiwe linagandishwa kwa epoksi kwenye kioo, linasuguliwa hadi unene wa milimita 0.03, kisha uso wake unang'arishwa bila kufunikwa kwa kioo cha juu. Sehemu hiyo moja itatumika kwa mwanga unaopita ndani, kwa mwanga unaoakisiwa, na kwa miali ya elektroni. Fundi akiharakisha kung'arisha, chembe za chuma huchomoka na kuacha mashimo, na vipimo vyote vya kutu vitakudanganya.

Hatua ya tatu: kondruli zipo au hazipo?

Weka sehemu nyembamba chini ya hadubini ya polaraizi, yenye vichujio vinavyopitisha mwanga wa uelekeo mmoja, na uanze kwa ukuzaji mdogo kabisa. Unatafuta kondruli: viduara vya madini, vingi chini ya milimita moja, ambavyo vilikuwa matone yaliyoyeyuka yakielea angani kabla sayari hazijaumbika, miaka zaidi ya bilioni 4.56 iliyopita. Gustav Rose wa Berlin ndiye aliyeyaita mawe yenye viduara hivyo kondraiti, mwaka 1864, na jina halijabadilika.

Chukua muda hapa. Kondruli moja itakuonyesha fuwele za olivini (madini ya magnesi, chuma na silika) zilizojipanga sambamba, mistari myembamba kama mkeka uliofumwa, ikizungukwa na ukingo wa olivini hiyohiyo. Nyingine itakuwa na piroksini, madini mengine ya silika, iliyotoka kwenye nukta moja ya pembeni na kutawanyika kama upepeo. Nyingine imejaa fuwele kubwa zilizokaa ndani ya kioo cha kahawia. Zungusha meza ya hadubini taratibu, tazama rangi zikiwaka na kuzimika, na uchore unachokiona. Kuchora kunalazimisha jicho kuona, hata leo ambapo kamera ziko kila mahali.

Zikiwapo kondruli, una kondraiti. Zikikosekana kabisa na umbile likawa la mwamba ulioyeyuka na kuganda, una akondraiti. Ruka hadi hatua ya nane. Ukitilia shaka, jua kwamba joto kali hufuta mipaka ya kondruli, na katika aina ya 6, iliyopikwa sana (tazama hatua ya tano), unaweza kutafuta sehemu nzima upate mbili tatu tu zenye mipaka hafifu.

Kondraiti nazo zina koo zake. Zenye unga mweusi mwingi kati ya kondruli ni za kaboni, na miongoni mwao limo kundi la CI, lile lenye kemia iliyo karibu kabisa na ya Jua ukiacha gesi. Herufi I hapo ni ya Ivuna. Ajabu ya kundi hilo ni kwamba limo kwenye ukoo wa kondraiti ilhali kondruli karibu hazionekani, kwa sababu maji yaligeuza karibu kila kitu kuwa udongo wa mfinyanzi. Ukiliokota jiwe la namna hiyo jangwani utakuwa na bahati isiyo ya kawaida. Mengi utakayoyapata ni kondraiti za kawaida, na hizo ndizo nitakazozikalia.

Hatua ya nne: H, L au LL

Hapa ndipo penye moyo wa kazi. Makundi haya matatu yanatoka kwenye sayari ndogo tofauti, na yanatofautiana kwa wingi wa chuma na kwa mahali kilipokaa. H lina chuma kingi, karibu robo ya uzito wote au zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya chuma hicho ni metali. L lina kidogo zaidi. LL lina kidogo kuliko yote, na karibu chote kimeungana na oksijeni na kuingia ndani ya olivini na piroksini. Chuma kilichokosekana kwenye metali utakikuta ndani ya madini ya silikati, yaani yenye silika. Basi kupima olivini ni kupima historia ya chuma cha jiwe zima.

Kwa jangwani hili lina faida kubwa. Metali huliwa na kutu upesi, ikapotea. Olivini hukishika chuma chake ndani ya fuwele na kukaa nacho kwa makumi ya maelfu ya miaka hata pale metali yote imekwisha. Ndiyo sababu kundi haliamuliwi kwa wingi wa vinukta vya chuma. Huamuliwa kwa Fa, yaani asilimia ya chuma dhidi ya magnesi katika olivini kwa hesabu ya moli, na kwa Fs, kipimo kama hicho katika piroksini yenye kalisi kidogo.

Chombo kinachotakiwa ni maikroprobu ya elektroni, inayopiga nukta ndogo ya madini kwa elektroni na kusoma kemia yake. Usipokuwa nayo, hadubini ya elektroni yenye kipima miali ya eksirei inatosha kwa jiwe lililopikwa vizuri, mradi umeirekebisha kwa madini ya kulinganishia. Olivini ya San Carlos, Arizona, inatumika karibu kila maabara: ipime mwanzo, katikati na mwisho wa kikao, na kila mara ikupe Fa iliyo karibu na 10. Isipokupa hivyo, simamisha kazi utafute tatizo.

Pima chembe zisizopungua 20 za olivini na kama 15 za piroksini, ukizichagua bila upendeleo kutoka pembe zote za sehemu, ndani na nje ya kondruli. Epuka kingo zenye mishipa ya kutu.

Tuchukue jiwe la mfano. Olivini yake ina asilimia 22.4 ya oksaidi ya chuma na 38.6 ya oksaidi ya magnesi. Gawanya ya kwanza kwa 71.85 upate 0.312, gawanya ya pili kwa 40.30 upate 0.958. Jumla ni 1.270, na 0.312 ni asilimia 24.6 ya jumla hiyo. Fa ni 24.6. Tuseme Fs imetoka 20.8. Sasa linganisha:

- H: Fa takriban 16 hadi 20, Fs takriban 14 hadi 18
- L: Fa takriban 22 hadi 26, Fs takriban 19 hadi 22
- LL: Fa takriban 27 hadi 32, Fs takriban 22 hadi 26

Jiwe letu ni L, bila mabishano. Yapo yanayoangukia kwenye mpaka, hasa kati ya L na LL, na hapo mashahidi wengine huitwa. Ukubwa wa kondruli husaidia: za H ni ndogo, za LL ni kubwa zaidi. Kobalti ndani ya kamasaiti, ile metali yenye nikeli kidogo, husaidia zaidi: karibu asilimia 0.5 kwa H, 0.7 hadi 1 kwa L, na zaidi ya 1.4 kwa LL. Na hapa ndipo kile kipimo cha mvuto wa sumaku cha jangwani kinaporudi. Kwa logi ya vipimo vya 10⁻⁹ m³/kg, vimondo vibichi vya H hutoa karibu 5.3, L karibu 4.9, LL karibu 4.1. Cha jangwani kitatoa pungufu, kwa kuwa kutu imekula metali. H iliyooza inaweza kusomeka kama L, lakini LL haiwezi kupanda ikawa H.

Hatua ya tano: limepikwa kiasi gani?

Tarakimu inayofuata herufi ilipendekezwa na Van Schmus na Wood mwaka 1967. Kwa kondraiti za kawaida inaanzia 3, ambalo halijaguswa sana na joto, hadi 6, lililopikwa kwa zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi ndani ya sayari ndogo. Moto huo ulitokana na kuoza kwa alumini-26, elementi yenye mionzi iliyokuwepo mwanzoni mwa mfumo wa Jua.

Anza na zile chembe 20 za olivini. Je, zinakubaliana? Fa zikitawanyika kwa wastani wa zaidi ya asilimia 5 kutoka kwenye kati yao, jiwe ni aina ya 3. Zikishikamana, ni 4 au zaidi, kwa kuwa joto liliwapa chuma na magnesi muda wa kuhama kutoka chembe hadi chembe mpaka vikasawazika.

Baada ya hapo rudi kwenye umbile. Aina ya 4 ina kondruli zenye mipaka ya wazi kabisa, na feldispa yake (madini mepesi yasiyo na chuma) ni ndogo mno kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Aina ya 5 ina kondruli zinazotambulika lakini mipaka imeanza kuungana na mwamba unaozizunguka. Aina ya 6 ina feldispa iliyokua ikapita maikromita 50, safi, yenye kuonekana. Feldispa ndiyo ya kuamini kuliko macho yako kuhusu "kuonekana vizuri" kwa kondruli, jambo ambalo watu wawili waaminifu wanaweza kutofautiana.

Ikitokea ni aina ya 3, usiishie hapo. Hugawanywa kutoka 3.0 hadi 3.9, na lile la 3.0 ni hazina kwa sababu lina vumbi la kale karibu kama lilivyokuwa. Zamani mgawanyo ulitegemea mwako wa jiwe linapopashwa moto. Siku hizi kiasi cha kromiamu ndani ya olivini yenye chuma hutumika kwa zile za chini kabisa. Kazi hiyo mpe mtu aliyeizoea.

Hatua ya sita: kishindo

Kanuni ya Stöffler, Keil na Scott ya 1991 ina ngazi sita. Tafuta olivini kubwa kama 20, kaza vichujio viwili vya hadubini vikingamane, na zungusha. Olivini ambayo haijapigwa huzimika yote kwa mara moja: S1. Kivuli kikipita juu yake kama wimbi, S2. Ikiongezeka mipasuko iliyonyooka na sambamba, S3. Ikizimika kwa vipandevipande hafifu, S4. Vipande hivyo vikiwa vikali na plajioklasi, aina ya feldispa, imegeuka kioo kiitwacho maskelinaiti, S5. S6 ina mifuko iliyoyeyuka, na ndani yake huweza kupatikana ringwudaiti, olivini iliyobadilishwa na mgandamizo mkali, ya buluu au zambarau. Ngazi ya jiwe ni ile ya juu inayoonekana kwenye angalau robo ya chembe, si ile ya chembe moja iliyokuvutia.

Kwa kundi la L hatua hii ina uzito wa pekee. Sayari yao mama ilivunjwavunjwa na mgongano karibu miaka milioni 470 iliyopita, na vipande vyake vilinyesha duniani kwa wingi hadi vingine vikazikwa kwenye chokaa ya chini ya bahari. Leo vinachimbuliwa kwenye machimbo ya mawe ya Thorsberg, Sweden. Alama za kishindo unazoziona kwenye L ya Oman huenda ni za siku hiyohiyo.

Hatua ya saba: kutu

Badili mwanga, tumia unaoakisiwa. Metali itang'aa nyeupe, troilaiti, yaani salfaidi ya chuma, itakuwa na rangi ya shaba nyepesi, na kutu itakuwa kijivu. Kadiria ni sehemu gani ya metali na troilaiti imegeuka, kisha tumia kipimo cha Wlotzka cha 1993. W0 haina kutu ya kuonekana. W1 ina kingo nyembamba za kutu kuzunguka chembe. W2 ni kati ya asilimia 20 na 60 iliyoharibika, W3 ni 60 hadi 95, W4 ni zaidi ya 95. W5 silikati zenyewe zinaanza kuoza, na W6 zimegeuka kwa wingi kuwa udongo na oksaidi.

Usikadirie kwenye ukingo wa jiwe peke yake, wala karibu na ufa. Tembeza sehemu yote. Kama ukingo ni W4 na kati ni W2, andika vyote viwili.

Kutu si kipimo cha umri moja kwa moja. Mtafiti wa Oman Ali Al-Kathiri na wenzake walilinganisha kuoza kwa vimondo vya huko na umri wao wa kaboni-14, wakaonyesha kwamba udongo na chumvi vina mkono wao. Baadhi ya vimondo vya Oman vimelala duniani kwa makumi ya maelfu ya miaka. Kwa muda huo vimefyonza strontiamu na bariamu kutoka ardhini. Kwa hiyo ukifanya kemia ya jiwe zima, elementi hizo mbili usizitumie kudai kwamba umepata kitu cha ajabu.

Hatua ya nane: likiwa akondraiti

Hapa swali ni moja: limetoka kwenye mwili upi? Chuma bado kinaongoza, safari hii kikiwa na mwenzake manganizi. Uwiano wao ndani ya piroksini hubadilika kwa kila mwili: karibu 30 kwa mawe yanayohusishwa na asteroidi Vesta, juu kidogo ya hapo kwa Mirihi, na 60 au zaidi kwa Mwezi. Basalti za duniani zinakaribiana na Mirihi, kwa hiyo uwiano huu peke yake hautoshi kutangaza Mirihi.

Shahidi wa mwisho ni isotopu za oksijeni. Miligramu chache tu zinatosha, lakini maabara zinazopima kwa usahihi huo ni chache duniani, na kutu yenye oksijeni ya duniani lazima iondolewe kwa asidi kwanza. Mwezi hukaa kwenye mstari uleule wa Dunia, Mirihi juu yake kidogo, Vesta chini yake. Oman imetoa mifano mizuri ya yote haya: Sayh al Uhaymir 005 na Dhofar 019 ni za Mirihi, na Sayh al Uhaymir 169, jiwe la gramu 206 lililookotwa Januari 2002, ni la Mwezi. Hilo la mwisho limejaa potasiamu, toriamu na elementi adimu kiasi kwamba watafiti waliweza kulinganisha kemia yake na ramani za vyombo vya angani na kulirudisha hadi karibu na kreta ya Lalande huko Mwezini.

Hatua ya tisa: kuliandikisha

Kimondo cha jangwani hupewa jina la eneo na namba. Jiddat al Harasis hufupishwa JaH, Sayh al Uhaymir SaU, na mawe ya Sahara yasiyojulikana yalipookotwa huingia chini ya NWA, yaani Northwest Africa. Usijibunie jina wala namba. Namba hutolewa na kamati.

Kabla ya kuomba, tazama hifadhidata ya Meteoritical Bulletin, ambayo iko wazi kwa kila mtu, uone vimondo vilivyotambuliwa karibu na viwianishi vyako. Kikiwapo kingine chenye kundi, aina, kishindo na kutu zinazolingana, eleza kwenye ombi kwamba huenda ni vipande vya anguko moja. Hili husahaulika mara nyingi, na matokeo yake anguko moja huhesabiwa mara kumi.

Ombi lako liwe na viwianishi, tarehe ya kuokotwa, uzito wote na idadi ya vipande, maelezo ya umbo na ganda, maelezo ya sehemu nyembamba, wastani wa Fa na Fs pamoja na mtawanyiko wake na idadi ya chembe zilizopimwa, mvuto wa sumaku, jina la mwainishaji, na taasisi inayoshika kile kipande cha kudumu. Jiwe letu la mfano, likiwa na feldispa iliyopita maikromita 50, mipasuko sambamba kwenye olivini, na kama asilimia 80 ya metali iliyokwisha, litaandikwa: kondraiti ya kawaida, L6, S3, W3, Fa 24.6, Fs 20.8, uzito wote gramu 412, kipande cha kudumu gramu 20.

Wajumbe wa kamati watasoma na kupiga kura. Wakiuliza swali, rudi kwenye hadubini kabla ya kujibu. Wakati unasubiri, weka jiwe kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, na ubadilishe vipakiti hivyo vinapoloa. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya bahari itahitaji uvibadilishe mara nyingi kuliko ukiwa jangwani. Namba ya kudumu ikitoka, iandike kwenye lebo ya ndani ya chombo, kwenye lebo ya nje, na kwenye kioo cha sehemu nyembamba, kisha peleka gramu zile 20 kwenye taasisi uliyoitaja na udai hati ya mapokezi.